Mnawajua, Ila Hamjatambulishwa

Mazungumzo ya Jumamosi jioni na wapenzi wa muziki, Tanga. Yameandikwa kutoka kwenye kinasa sauti. Utani mmoja au miwili iliyofaa ukumbini tu imeachwa ukumbini.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa muziki wa klasiki, nami nilikuwa natazama nyuma kuona mtaalamu mwenyewe anaingia lini. Mimi ni mwalimu wa kwaya mstaafu. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuwabembeleza watu wazima waje mazoezini, na wakija wasiimbe sauti ya jirani. Haya nitakayosema nimeyapata kwa kupenda, si kwa shahada.

Nianze na swali. Nani hapa huangalia Ligi ya Mabingwa ya Ulaya? Mikono juu. Naam, hata Bi Mkubwa pale nyuma. Basi nyote mnamjua Handel.

Ule wimbo unaopigwa timu zikiwa zimejipanga, kamera inapita usoni mwa mchezaji mmoja mmoja, uliandaliwa mwaka 1992 na Mwingereza aitwaye Tony Britten. Hakuutoa hewani. Aliujenga juu ya kazi ya George Frideric Handel iitwayo Zadok the Priest, iliyotungwa mwaka 1727 kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Maneno yake ni ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, pale Sadoki kuhani na Nathani nabii wanapompaka Sulemani mafuta awe mfalme. Tangu siku ile hutawazwi Uingereza bila wimbo huo; hata Charles mwaka 2023 aliimbiwa huohuo. Kwa hiyo kijana anayekaa kibandani na soda yake akingoja mpira uanze, anasubiri chini ya wimbo wa kumtia mfalme mafuta.

Na harusi je? Bibi harusi akiingia kanisani, kinanda kinapiga ile ta, ta-ta-taa. Huyo ni Richard Wagner, kwenye opera yake, yaani mchezo wa kuimbwa, iitwayo Lohengrin, ya mwaka 1850. Kwenye opera hiyo ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule. Huwa siwaambii maharusi. Wakitoka, wanatolewa na wimbo wa Felix Mendelssohn, wa mwaka 1842. Na Wagner alimwandikia Mendelssohn makala ya kumdharau kwa sababu ya Uyahudi wake, tena mwenzake akiwa keshakufa, na hakutia jina lake. Leo wanafanya kazi pamoja kila Jumamosi, mmoja mlango wa kuingilia, mwingine wa kutokea.

Nami yupo mmoja ananifuata kwenye simu. Kuna ofisi moja, siitaji, ukiwapigia unaambiwa subiri, halafu unawekewa kinanda: ti-ri-ti-ri-ti, ti-ri-ri. Nilisubiri dakika 20, nikakatiwa. Huyo ni Beethoven, kipande kiitwacho Für Elise, cha mwaka 1810. Mwenyewe hakukichapisha, kilichapwa mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Maskini hakujua kitatumika kuwanyamazishia watu wanaodai haki zao.

Kwa hiyo sikuja kuwaletea wageni. Nimekuja kuwatajia majina ya watu ambao mmekuwa mkipishana nao barazani bila kusalimiana. Na ninalo jambo moja tu la kusema juu yao: walikuwa watu wa kazi. Tunawaona kwenye picha wamevaa nywele za bandia, tunadhani walikaa wakingoja malaika. Walikuwa na mwajiri, kodi ya nyumba, watoto, kwaya mbovu. Karibu kila kazi kubwa mtakayoisikia ilizaliwa na shida fulani. Ukiijua shida, sikio linafunguka lenyewe. Yale majina marefu, Simfoni Namba 5 katika C-minor, opus 67, yasiwatishe. Simfoni ni kazi ndefu ya okestra nzima; yaliyobaki ni namba ya gari tu, ya kulitambua lisichanganywe na jingine.

Turudi kwa Handel. Alikuwa Mjerumani wa mji wa Halle, akahamia London, akafanya biashara ya opera za Kitaliano kwa Waingereza. Kwa muda ikalipa, kisha watu wakazichoka. Mwaka 1741 ameitwa Dublin, Ireland, kuendesha matamasha. Kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba, siku 24, akaandika Messiah, zaidi ya saa mbili za muziki. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, watu walikuwa wengi kuliko ukumbi. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye matao, wanaume waje bila panga, ili wabanane vizuri. Waliingia kama 700. Na fedha zilikwenda wapi? Hospitali, na kuwalipia wafungwa wa madeni. Watu 142 walitoka gerezani kwa tamasha lile. Mimi nikisikia watu wanauliza muziki una faida gani, huwa nawatajia namba hiyo nanyamaza.

Humo ndimo ilimo Haleluya tunayoiimba sisi, kwa Kiswahili, kwa zile karatasi za sol-fa zilizotolewa kivuli juu ya kivuli mpaka fa inafanana na doa la chai. Wanakwaya mliomo humu mnaijua. Sasa niwaambie mahali pa kusikiliza. Karibu na mwisho wanaimba haleluya, haleluya, haleluya, haleluya, moja juu ya nyingine, kasi, tarumbeta na ngoma zimechachamaa. Halafu ghafla: kimya. Kila mtu amekata pumzi. Ndipo inakuja haleluya ya mwisho, polepole, nzito.

Kile kimya kimeandikwa. Handel alikitunga kama alivyotunga sauti. Na ndicho kipimo cha kwaya. Sikukuu moja ya Pasaka nilikuwa na besi mmoja, mtu mzima, fundi seremala, sauti kama ng'ombe wa maksai. Mazoezini alikuwa anakipita salama. Siku yenyewe, kanisa limejaa, watu wamesimama, tukafika pale, nikafunga mkono, na katika ule ukimya wote yeye peke yake akafyatua: HA! Hakumaliza. Ilibaki "ha" ikining'inia darini. Mtoto mmoja mbele akajibu "ha!" Kwaya nzima iliimba ile haleluya ya mwisho mabega yakitikisika. Tangu siku ile nimeusikia wimbo huo mara nyingi, na kila tukifika kwenye kimya moyo unanidunda. Nadhani ndivyo Handel alivyotaka, ukiondoa ile ha.

Mwaka uleule aliozaliwa Handel, 1685, alizaliwa Johann Sebastian Bach, Ujerumani ileile, mji wa Eisenach. Hawakuwahi kuonana. Kilichowakutanisha ni daktari: Mwingereza mmoja aliyezunguka Ulaya akitibu macho, John Taylor, aliwapasua wote wawili kwa nyakati tofauti. Hakupona mtu.

Bach namhurumia kama mwalimu mwenzangu. Mwaka 1723 aliajiriwa Leipzig kuongoza muziki wa makanisa na kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Hakuwa chaguo la kwanza la baraza la mji. Wawili walitakiwa kabla yake. Miaka ya mwanzo alikuwa akitoa kazi mpya karibu kila Jumapili: kwaya, okestra, waimbaji wa peke yao, yote. Jumatatu anatunga, nota zinanakiliwa nyumbani na wanafunzi na jamaa zake, Jumapili wanaimba. Watoto alipata 20 kwa wake wawili, wa kwanza alifariki. Waliofika utu uzima ni 10.

Mwaka 1730 aliliandikia baraza barua ya malalamiko, nayo ipo mpaka leo. Amewahesabu waimbaji wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, na 17 hawafai kabisa. Niliposoma hesabu ile nilisimama nikazunguka chumba. Karne tatu! Ni kwaya yangu ileile!

Mwaka huohuo akamwandikia rafiki yake wa zamani kwamba Leipzig maisha ni ghali, na sehemu ya kipato chake inatoka kwenye mazishi. Sasa hewa ikiwa nzuri watu hawafi, naye anakosa. Mwaka uliopita amepoteza thaler, fedha za huko, zaidi ya mia moja kwa sababu ya afya ya watu. Hasemi kwa utani. Huyo ndiye mtu ambaye wanamuziki wakitajiwa jina lake wanainua macho mbinguni.

Basi msianze na kazi zake kubwa. Anzeni na selo moja, ile fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti, peke yake, Suite ya kwanza, yaani mfuatano wa vipande, kipande cha mwanzo, chini ya dakika tatu. Haina kiitikio, haina ngoma. Ni chombo kimoja kinachochezea nyuzi kwa mwendo mmoja kama mtu anayesuka ukili huku anawaza. Kwa muda mrefu wapigaji waliviona vipande hivi ni vya mazoezi tu, mpaka kijana Pablo Casals alipookota nakala yake kwenye duka la vitu vilivyotumika Barcelona, mwaka 1890. Akajifunza miaka kabla ya kuvipiga hadharani.

Na kwa Walutheri: lile tenzi la Ijumaa Kuu, la kichwa kilichovikwa miiba, ambalo Bach amelirudia mara kadhaa katika Mateso kwa Injili ya Mathayo, mahadhi yake yalianza kama wimbo wa mapenzi. Hans Leo Hassler, 1601, kijana aliyevurugwa akili na msichana. Kwa hiyo mkisikia kwaya ya vijana imechukua mahadhi ya mtaani ikayatia maneno ya dini, msigombe sana. Hadithi ni ya zamani.

Sasa hapa Tanga siwezi kusema habari za fidla bila adabu. Mji huu umelelewa na taarab. Mnajua fidla inavyomsubiri mwimbaji amalize mstari, kisha ikaingia kujaza pale alipoacha. Wengi wenu mnasikia hilo bila kufundishwa. Basi mpeni nafasi padri mmoja wa Venice, Antonio Vivaldi, mwenye nywele nyekundu, aliyeacha kuongoza misa kwa kubanwa kifua lakini hakuacha fidla. Alifundisha kwenye nyumba ya kulelea watoto walioachwa, Ospedale della Pietà. Wasichana wa pale walipiga na kuimba vizuri hata wageni wakawa wanatoka nchi nyingine kuja kuwasikia, nao wamefichwa nyuma ya kimia cha chuma, wanasikika hawaonekani vizuri.

Kazi yake maarufu, Misimu Minne, ilichapwa Amsterdam mwaka 1725. Ni konseto nne, yaani fidla moja inajibizana na kundi, kila moja na shairi lake linaloeleza kinachotokea. Sisi hatuna misimu hiyo. Tuna masika na vuli, kaskazi na kusi. Haidhuru. Chukueni Msimu wa Kuchipua, sehemu ya pili. Mchungaji wa mbuzi amelala; fidla ya peke yake ndiye yeye, amelala kabisa. Chini yake viola, dada mkubwa wa fidla, inapiga sauti mbili nzito, mbili tena, bila kuchoka. Vivaldi ameandika kwenye karatasi kwamba huyo ni mbwa anabweka. Mara ya kwanza nilipomwonyesha mjukuu wangu, akasema, "Babu, huyu mbwa kama wa jirani." Tangu hapo hajawahi kukisikia kipande hicho bila mbwa. Kisha nendeni Msimu wa Joto, sehemu ya mwisho. Hiyo ni mvua ya kwanza ya masika na radi zake, hamhitaji mwongozo.

Nifike kwa mtu ninayempenda kuliko wote, Joseph Haydn. Mkataba wake wa 1761 na ukoo wa kitajiri wa Esterházy ulimtaka avae sare, soksi nyeupe, nywele zitiwe unga, na kila siku aende kibarazani kwa bwana kuuliza kama leo muziki unahitajika. Mtumishi wa nyumba, kwa maneno mengine, ila kazi yake simfoni.

Mwaka 1772 Mtawala Nikolaus alikuwa kwenye jumba lake la mashambani, Eszterháza. Alilipenda. Msimu ukaisha, haondoki. Wanamuziki walikuwa wamewaacha wake na watoto mji mwingine, na miezi inakatika. Wakamwendea Haydn: bwana mkubwa, tusemee. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ukiandika barua unaonekana mkorofi. Ukinyamaza watu wako wanaumia.

Haydn alirusha fumbo. Watu wa taarab, sikilizeni hapa. Alitunga simfoni, siku hizi Namba 45. Ikaenda mpaka mwisho, kasi na hasira kidogo, ukadhani imekwisha. Kumbe unaanza wimbo wa polepole ambao hakuna aliyeutarajia. Enzi hizo kila mpigaji ana mshumaa wake wa kusomea nota. Mpiga obo na mpiga baragumu wakapiga kipande chao kidogo kizuri, wakazima mishumaa, wakachukua vyombo, wakaondoka. Wengine wanaendelea. Akafuata mwingine, akapuliza mshumaa, akatoka. Dabo besi akapata zamu yake, akacheza madoido kidogo kama anayeaga, akatoka. Jukwaa likawa giza kidogo kidogo. Mwisho wakabaki wawili na fidla zao, mmoja Haydn mwenyewe, wanapiga taratibu mno, mishumaa miwili. Kisha nao wakazima.

Bwana alielewa. Kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Hakuna neno lililosemwa. Hakuna aliyetukana. Na bado aliyekusudiwa alilipata lake, kama jirani anavyolipata akipita mbele ya dirisha ambalo redio imefunguliwa kwa makusudi. Ndiyo maana nasema sisi wa pwani tuna haki ya muziki huu kuliko tunavyojidhania. Mafumbo tunayajua.

Mozart nitampita haraka, na msinikasirikie. Anahitaji Jumamosi yake. Nitasema moja. Wengi wanaogopa matamasha haya kwa sababu ya ile adabu ya kukaa kimya kama mahakamani, hujui upige makofi wapi. Basi mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba katikati ya simfoni yake mpya palikuwa na kipande alichojua kitawapendeza, na watu wakapiga makofi palepale muziki ukiendelea. Hakuudhika, alikuwa amekirudisha tena mwishoni kwa makusudi. Lilipokwisha akaenda kula aisikrimu. Hao ni wasikilizaji kama ninyi mnaonyanyuka kwenda kutuza shairi halijaisha. Ukimya ulikuja baadaye. Mkifika nyumbani tafuteni konseto yake ya klarineti, sehemu ya pili; aliimaliza 1791, miezi miwili hivi kabla ya kufa na miaka 35.

Beethoven. Naomba kimya. [Anagonga meza: tatu fupi, moja ndefu.] Nani huyo? Mwenye nyumba, anasema mzee pale. [Kicheko.] Ni Simfoni ya Tano. Sauti nne tu, na kwa sehemu nzima ya kwanza haziachi. Ni kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake sokoni. Zinahamia kwa fidla, zinakwenda besi, zinapanda kwa filimbi. Mara ya kwanza ilisikika Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha lililochukua muda wa saa nne, ukumbi baridi, mazoezi hayakutosha, na kwenye kazi nyingine ya jioni ileile wapigaji walipotezana ikabidi waanze upya. Ukiona onyesho lako limeharibika, kumbuka usiku huo.

Sasa wanasol-fa, nifuateni. Mi mi fa so, so fa mi re, do do re mi, mi re re. Tena, kwa mdomo uliofungwa. Mnaona mlivyoipata mara moja? Haina mruko, ni kupanda na kushuka ngazi moja moja. Huo ndio wimbo wa furaha wa Simfoni ya Tisa, 1824. Beethoven alihangaika na mahadhi hayo kwenye daftari zake mpaka yakawa mepesi hivyo. Na ninyi mmeyaimba kwa midomo iliyofungwa. Yeye aliyatunga hali masikio yamefungwa. Siku ya kwanza alisimama mbele akipima mwendo, lakini wapigaji walikuwa wanamfuata kiongozi mwingine. Watu walipolipuka kwa makofi yeye alikuwa amewapa mgongo, hasikii. Mwimbaji mmoja, Caroline Unger, akamshika akamgeuza ili aone mikono.

Upo upande wake mwingine ambao shuleni hawautaji. Mwaka 1803 alipiga Vienna sonata mpya, kazi ya fidla na kinanda, pamoja na mpiga fidla George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi na mwenyewe alikuwa nyota London tangu utotoni. Muda ulikuwa mfupi hata sehemu ya pili Bridgetower aliisoma kwenye mwandiko wa Beethoven mwenyewe. Tamasha likafana. Beethoven alikuwa amemwandikia yeye kazi ile. Kisha wakagombana, kwa simulizi ya Bridgetower ni kwa sababu ya mwanamke, na Beethoven akalifuta jina, akamtunukia Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuipiga hadharani hata siku moja. Mpaka leo inaitwa Sonata ya Kreutzer. Mimi nyumbani kwangu naiita ya Bridgetower. Nyumba yangu, sheria zangu.

Na kwa kuwa vijana wanamuziki mmejaa upande huu, na najua mnavyolia na haki za kazi zenu, niwape Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London mwaka 1875, baba daktari kutoka Sierra Leone, mama Mwingereza. Akiwa na miaka 23 akatoa Hiawatha's Wedding Feast, ya kwaya na okestra. Uingereza nzima ikaiimba. Nakala zikauzwa kwa maelfu na maelfu. Yeye alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa mchapishaji, gini 15. Basi. Karatasi imesainiwa. Aliendelea kufundisha na kuongoza kwaya usiku na mchana ili familia ipate kula, akafa mwaka 1912 kwa homa ya mapafu, miaka 37. Watu walipoona mjane na watoto wameachwa hivyo huku wimbo unaingiza fedha kila mahali, kelele zilizopigwa zilichangia kuundwa kwa chama cha Waingereza cha kulinda malipo ya watunzi, mwaka 1914. Kuanzia 1924 kazi hiyo ilikuwa ikionyeshwa karibu kila mwaka Royal Albert Hall, wanakwaya mamia kwa mavazi. Waimbaji wa sauti ya tena kwenye kwaya, itafuteni ile "Onaway! Awake, beloved!" Ni ya kwenu. Na kabla hamjasaini chochote, someni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimebakiza kimoja, na hiki sitakieleza sana, tutakisikiliza chote, kama dakika 15. Maurice Ravel, Mfaransa, mwaka 1928, aliombwa na mcheza dansi Ida Rubinstein amwandalie muziki wa jukwaani. Akatunga Boléro. Ina mahadhi mawili tu, yanapokezana. Hayabadilishwi, yanahama kutoka chombo kwa chombo: filimbi, klarineti, zumari, tarumbeta iliyozibwa, mpaka wote. Usingoje ubeti mwingine, haupo. Kinachokua ni sauti tu. Na chini ya yote kuna ngoma ndogo moja, ile ya kijeshi yenye waya chini, inapiga mdundo mmoja mara 169 bila kukosea. Muulizeni mpiga ngoma yeyote wa hapa nyumbani kazi ya nani ni ngumu zaidi: anayepiga madoido, au anayeshika mdundo mmoja mpaka alfajiri? Mtazameni yule wa ngoma ndogo kwa masikio. Akikimbilia kidogo tu, nyumba yote inaanguka. Karibu na mwisho kabisa kuna mahali sakafu inahama, utahisi umeinuliwa kiti. Sitasema zaidi.

Kijana wangu hapo ukutani, hebu zima feni. Tutapata joto, najua, tuvumiliane. Ngoma inaanza chini sana.